Klachi ya Hilux inashika chini kabisa na fundi anataka kushusha giaboksi, nikubali?

SWALI: Habari fundi. Mi niko Iringa, nina Hilux dabo kabini injini ya 5L, naitumia kubeba mbao na mizigo ya shamba. Kuna kipindi sasa klachi inashika chini sana, yaani pedeli ikiinuka kidogo tu kutoka kwenye kapeti gari ishaanza kutembea. Asubuhi ndo mbaya zaidi, gia namba moja inagoma na rivasi inakwaruza, ila nikipampu mara mbili tatu inaingia vizuri. Mafuta kwenye kikopo cha klachi yalishuka nikaongeza, yakashuka tena. Fundi wangu anasema klachi pleti imekwisha, ninunue seti nzima tushushe giaboksi. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, kaka, walau sio wiki hii. Umeshajieleza vizuri kuliko unavyojua, kwenye swali lako kuna vitu viwili vinavyoiondoa klachi pleti kwenye kesi kabisa, nitavifikia. Kwanza tuelewane hiyo kushika chini maana yake nini, sababu watu wengi na mafundi wengi tu wanachanganya klachi isiyokata (haiachii injini ukikanyaga) na klachi inayoteleza (haikamati), na hayo ni magonjwa mawili tofauti ambayo dawa zake hata hazifanani.

Ukikanyaga pedeli kwenye Hilux yako, pushi rodi inasukuma pistoni ya klachi masta, ile silinda ya juu iliyofungwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kabini. Mafuta yanasukumwa kwenye bomba mpaka chini kwenye slevu, ile silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, slevu inasukuma foku (uma wa chuma unaoingia kwenye giaboksi), foku inasukuma rilizi beringi, beringi inakandamiza vidole vya presha pleti (sahani ya springi inayoibana klachi pleti), na hapo ndo klachi pleti inaachiwa isishikwe na flaiwili, ile sahani nzito inayozunguka na injini. Sasa klachi ikishika chini kabisa maana yake safari yote ya mguu wako inaishia njiani, mpaka unafika kwenye kapeti presha pleti ndo kwanza imeanza kuachia, kwaiyo ukiinua mguu kidogo tu inashika tena. Mguu unatembea safari ndefu lakini rilizi beringi inatembea safari fupi. Kazi yako ni kutafuta safari imepotelea wapi, na sehemu kubwa ya njia hiyo iko nje ya giaboksi, unaiona kwa macho na kuishika kwa mkono.

Klachi pleti iliyokwisha inafanya kinyume. Inateleza. Unapanda mlima Kitonga na mzigo, injini inalia juu lakini gari haiongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Kwenye gari za kebo kama Kirikuu pleti ikiisha pedeli inashika JUU, sio chini. Kwenye Hilux mfumo wa mafuta unajirekebisha wenyewe kwaiyo hata pleti ikiisha mahali pa kushika panabaki karibu palepale, sanasana pedeli inakua nzito. Kupima ni rahisi: tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya nne ukiwa kwenye mwendo wa 50 hivi, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Kama mshale wa injini unapanda peke yake na mwendo uko vilevile, hapo tuzungumze habari ya seti mpya. Kama injini na mwendo vinapanda pamoja, pleti yako bado inakamata.

Ushahidi wa kwanza uliotoa ni huo wa kupampu. Pedeli ikipampiwa na klachi ikapanda juu, tatizo liko kwenye mafuta, basi. Pleti haijui kama umepampu mara moja au mara tano. Kinachotokea ni kwamba ndani ya mfumo kuna hewa, au mafuta yanavuja, au raba za masta zimechoka hazishiki presha mara ya kwanza. Mafuta hayabonyei lakini hewa inabonyea, kwaiyo hewa ikiwepo ni kama unasukuma mlango huku umeweka godoro katikati, nguvu inaishia kwenye godoro. Ukipampu haraka haraka unaongeza mafuta kwenye mstari kabla hayajarudi, ndo maana ghafla klachi inakata. Ingekua haibadiliki hata ukipampu mara ishirini, ningekuambia tuangalie vyuma: foku, kiegemeo chake, bushi za pedeli na ndugu zao.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi na sijui kwanini mafundi wengi hawautumii. Mafuta yako yanashuka. Kwenye breki mafuta kushuka kidogo kidogo ni kawaida, pedi zikilika pistoni zinatoka nje na mafuta yanazifuata. Kwenye klachi ya mafuta ni kinyume chake, pleti ikilika vidole vya presha vinasogea kurudi upande wa giaboksi, vinaisukuma foku, foku inairudisha pistoni ya slevu ndani, na mafuta yanarudi JUU kwenye kikopo. Yaani klachi inayokwisha inapandisha mafuta, tena kidogo sana. Kwaiyo kikopo cha klachi kikishuka hakuna maelezo mengine, kinavuja mahali, afu umeongeza na yakashuka tena! Mwambie fundi wako akuonyeshe pleti inakunywaje mafuta ya breki, akishindwa kukujibu basi giaboksi ibaki ilipo.

Sasa tunatafuta mvujo. Hapa usikimbilie chini ya gari, anza ndani. Lala kwenye sakafu ya dereva na tochi, angalia pale pushi rodi inapoingia kwenye ukuta wa bati, kuna kiraba cheusi kimevaa kwenye mdomo wa masta. Kikunjue kidogo kwa kidole. Kama kuna unyevu, au rangi ya pedeli imechubuka na kuchuruzika, au kapeti ya chini yake inanata, masta imekwisha raba ya nyuma. Mafuta ya breki yanakula rangi kwaiyo hata kama yamekauka yanaacha alama. Ikiwa pakavu usiiachie masta huru bado, nitakuambia kwanini.

Afu shuka chini, angalia slevu, nayo ina kiraba cha vumbi mbele pale kirodi kinapotokea. Kivute pembeni. Hapa ndo watu wanadanganyika, slevu inaweza kuvuja muda mrefu na nje isionekane tone hata moja sababu mafuta yamejikusanya ndani ya hicho kiraba, unakivuta tu yanamwagika kwenye mkono. Yakiwa meusi kama kahawa ujue raba zinasagika. Ukiwa hapohapo fuata bomba la chuma kutoka juu mpaka kwenye hosipaipu ya mpira, mwambie mtu akanyage pedeli huku we umeishika hosipaipu mkononi. Ikivimba ibadilishe, hiyo nayo inakula safari ya mguu, gari ya umri huo ikiwa bado na hosipaipu yake ya kiwandani sitashangaa.

Kuna na masta kuvujia ndani kwa ndani hata nje kukiwa pakavu, ndo maana nimesema usiiachie. Hii kwa macho huioni, mafuta yanapita pembeni ya raba ya mbele na kurudi kwenye kikopo, hata kikopo hakishuki, kwaiyo kwako inaweza kuwepo juu ya ule mvujo wa nje, sio badala yake. Kipimo chake: gari sehemu tambarare, handbreki juu kidogo tu, mbele yako pasiwe na mtu wala kitu, weka gia namba moja kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), shikilia pedeli chini kabisa bila kuipampu, subiri kama dakika moja. Kama gari ilikua imetulia afu taratibu inaanza kuvuta kwenda mbele na mguu hujauinua, masta inaachia presha. Mguu mwingine uwe kwenye breki, sitaki kesi na jirani.

Hilo la asubuhi kuwa mbaya zaidi linaniambia kitu pia. Iringa asubuhi ni baridi, raba iliyozeeka inakakamaa kwenye baridi na haishiki ukuta wa silinda vizuri, na usiku kucha gari ikiwa imesimama mafuta yanachuruzika kidogo na hewa inachukua nafasi. Ingekua asubuhi iko safi afu inaharibika mchana injini ikishachemka, ningesema mafuta yamezeeka, sababu mafuta ya breki yanavuta unyevu kwenye hewa na yakishajaa maji yanachemka kwa joto dogo, hasa bomba likipita karibu na ekzosti. Kwako sio hiyo. Lakini kama kikopo kina mafuta ya rangi ya chai ya rangi, yote yatoke.

Kabla hujatoa hela yoyote kuna mambo mawili ya bure. Toa kapeti za sakafuni. Najua unacheka, ila watu wanapanga kapeti ya gari, juu yake raba nzito ya matope, juu yake tena kipande cha boksi kipindi cha mvua, afu wanashangaa klachi haikati, umeikatia sentimita mbili za mwisho ambazo ndo zenye kazi. La pili shika pedeli kwa mkono uitikise, angalia pini na bushi inayounganisha pedeli na pushi rodi. Hilux za zamani hiyo pini inalika mpaka tundu linakua la yai. Uhuru wa pedeli, ule mchezo wa juu kabla hujaanza kusikia uzito, kwa Toyota nyingi ni milimita 5 mpaka 15, na ndani yake ule wa pushi rodi yenyewe kabla haijagusa pistoni ni milimita 1 mpaka 5. Ukikuta pedeli inashuka sentimita tatu nne bila kufanya kitu, umeshapata sehemu ya safari iliyopotea. Mwambie mtu akanyage huku umefungua boneti unaitazama masta, ikiwa inatikisika pamoja na bati basi bati lina ufa au nati zimelegea, hapo ni mtu wa welding, hakuna spea itakayokusaidia.

Sasa tahadhari moja kubwa, sababu najua fundi mwingine atakuambia usihangaike, zungusha pushi rodi uirefushe klachi ipande juu. Itapanda kweli, dakika tano tu na spana. Ila ukiirefusha mpaka ule mchezo mdogo ukaisha, pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho wake, na kale katundu kadogo kanakorudisha mafuta kwenye kikopo kanabaki kamezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanaisukuma slevu yenyewe bila wewe kukanyaga, klachi inaanza kuteleza, rilizi beringi inazunguka muda wote chini ya mzigo, na baada ya muda unaiunguza ile pleti ambayo ilikua nzima. Hapo fundi atasema unaona, nilikuambia pleti! Pushi rodi irekebishwe tu kama mchezo umezidi kipimo, na ubaki.

Tukija kwenye matengenezo, kwa gari yako mi ningefungua masta na slevu zote mbili kwa pamoja. Raba zake ni za umri mmoja, ukiweka mpya juu presha inapanda na ile ya chini iliyochoka ndo inafuata, utafungua mara mbili. Ukishatoa pistoni futa silinda kwa kitambaa safi, pitisha kidole ndani na umulike na tochi. Ikiwa laini inang'aa, nunua seti ya raba tu, za Seiken zinapatikana na bei yake ukilinganisha na seti ya klachi ni ya kununulia vocha. Ukisikia mikwaruzo au vishimo vya kutu, usiweke raba, nunua silinda nzima. Wapo wanaopiga msasa ndani wakisema inasafishika, hiyo silinda inatanuka na raba mpya itapitisha vilevile. Raba oshea kwa mafuta ya breki yenyewe au maji ya sabuni ukaikaushe, usioshe kwa petroli wala dizeli, zinavimba. Na kwenye kikopo weka DOT 3 au DOT 4, mwenye duka akikuambia hata hydroliki ya stelingi inafaa ondoka, mafuta ya namna hiyo yanavimbisha raba zote kuanzia juu mpaka chini na utanunua kila kitu upya.

Ukinunua slevu iliyotumika, iwe Gerezani au Shaurimoyo pale Dar au popote, soma namba iliyochongwa kwenye bodi yake, utakuta maandishi kama 5/8, 3/4 au 13/16, hiyo ndo saizi ya tundu kwa inchi. Ilinganishe na iliyotoka kwenye gari lako. Ukifungiwa yenye tundu kubwa zaidi itakaa vizuri, haitavuja, na klachi itashika chini milele, sababu mafuta yaleyale ya masta yanajaza tundu pana na kirodi kinatembea kifupi. Kutoka 3/4 kwenda 13/16 peke yake unapoteza kama asilimia 15 ya safari. Hii inasumbua watu miezi na miezi, wanabliidi (wanatoa hewa) kila Jumamosi na hewa haipo.

Kubliidi kwenyewe hakuna uchawi lakini kunataka subira. Jaza kikopo, vika hosi ya plastiki inayoonyesha ndani kwenye nipeli ya slevu (kiskrubu cha kutolea hewa), upande wa pili uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage taratibu mpaka chini ASHIKILIE, we fungua nipeli, mafuta na mapovu yatoke, funga, ndo aachie. Akiachia kabla hujafunga umevuta hewa upya. Mwanzoni pedeli inaweza kubaki chini, aivute juu kwa mkono. Kikopo kisikauke hata mara moja. Kama mapovu yanakuja tu hayaishi, toa slevu kwenye boliti zake bila kufungua bomba, iinamishe nipeli iwe juu kabisa, sukuma kirodi ndani taratibu kwa mkono, utaona mapovu yanapanda mpaka kwenye kikopo. Hapo mtu asiguse pedeli, ataitoa pistoni nje. Ukimaliza mwagia maji popote mafuta yalipodondokea kwenye rangi.

Kufungua giaboksi kuna wakati wake sikatai. Kama baada ya haya yote pedeli ni ngumu, haina hewa, kirodi cha slevu kinatembea zaidi ya sentimita moja mtu akikanyaga, na bado rivasi inakwaruza hata ukisubiri sekunde kumi na klachi iko chini, basi tatizo liko ndani. Inaweza kuwa kiegemeo cha foku kimelika, foku ina ufa, pailoti beringi imekamata, pleti imepinda, au kama klachi ilishawahi kubadilishwa labda pleti imegeuzwa au flaiwili imechongwa sana kwenye mashine ya tanna, presha pleti ikasogea mbali na beringi. Kwenye gari nyingine, Ford na Opel nyingi za karibuni kwa mfano, slevu yenyewe imekaa ndani ya giaboksi imezunguka shafti, hizo hata uvujaji wa slevu unashusha giaboksi, wenye nazo wasinisome vibaya. Ya kwako iko nje, shukuru.

Kwa sasa ukiwa unasubiri spea, pampu mara mbili kabla ya kila gia na rivasi usiilazimishe, zima gari, weka rivasi, afu washa klachi ikiwa chini. Klachi ikigoma kabisa kukata ukiwa porini, zima injini, weka namba moja, hakikisha mbele ni peupe, piga stata, dizeli hiyo itawaka huku inatembea. Usijaribu hivyo mjini, na Kitonga usiishuke wala kuipanda mpaka umetengeneza.

Ukishamaliza kazi, klachi inatakiwa ishike kama katikati ya safari ya pedeli au juu yake kidogo, na rivasi iingie kimya kwenye sailensa bila kupampu. Chukua maka peni uweke mstari kwenye kikopo pale mafuta yalipo, uangalie kila asubuhi kwa wiki mbili kabla hujawasha. Yakishuka tena hata upana wa kucha, rudi kwenye kile kiraba cha slevu kwanza.